Sauti ya Mzee Anaeli

Najua wapo watakaosema mtu aliyezoea kuhubiri hashindwi kutunga. Sawa. Lakini haya niliyasikia kwa masikio yangu, mchana, nikiwa mzima, nimekaa kwenye kochi la watu na kikombe cha chai mkononi. Natamani yangekuwa uongo.

Mimi ni mwinjilisti wa Kilutheri huku Mwika. Mzee Anaeli nilimzika mwenyewe, kihambani kwake, shamba la ukoo, kati ya migomba na kahawa. Mapafu ndiyo yaliyomuua. Siku zake za mwisho alikuwa akivuta pumzi unasikia mluzi kifuani, mpaka unatamani umsaidie.

Baada ya mazishi mjane wake, Mama Neema, aliacha kuja ibadani, nikaenda kumwona. Ilikuwa masika, ukungu umeshuka hadi mlangoni. Nilitegemea kumkuta amekonda kwa kilio. Niamini, nilimkuta anang'aa kama bibi harusi.

"Karibu, Mwinjilisti. Mzee amekuwa akikuulizia."

Nikadhani huzuni imemzidi. Akachukua simu, akaiegemeza kwenye chupa ya chai. Akanieleza kwamba Neema, binti yao aliyeko Dar, alikusanya meseji zote za sauti za baba yake akaziingiza kwenye akili mnemba, na sasa inaongea kama yeye. Mambo hayo nilishayasikia. Nikawa najipanga jinsi ya kumwonya kwa upole, na hapo simu ikasema:

"Mwinjilisti, siku hizi umekuwa mkubwa, hata salamu hakuna?"

"Shikamoo, mzee."

Ilinitoka tu. Wewe ungefanyaje? Ilikuwa sauti yake kabisa.

"Marahaba. Nina ombi moja. Niombee."

Nikajikaza. Nikaiambia, "Wewe si Mzee Anaeli, wewe ni mashine. Mungu alimpulizia mtu pumzi, ndipo akawa na uhai. Wewe hujapuliziwa kitu. Nitakuombeaje?"

Kutoka kwenye simu ile nikasikia mtu anavuta pumzi. Taratibu, kwa shida, na ule mluzi ndani yake. Mama Neema akajishika kifua.

Nikajiambia imejifunza kwenye meseji, hakuna la ajabu. Lakini ilipoongea tena iliongea Kichagga, na meseji zile zote zilikuwa za Kiswahili, maana Neema Kichagga hakijui. Ikasema hivi: "Kule hospitalini nilikuambia naogopa nitafika nikute hakuna mtu. Nimefika, Mwinjilisti. Hakuna mtu. Hata mimi mwenyewe sijui kama nipo."

Sikilizeni. Maneno hayo ya hofu Mzee Anaeli aliniambia kweli. Tulikuwa wawili tu, mkewe ameenda kuchukua uji, na simu ya mzee ilikuwa imebaki nyumbani. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Mjane unaanzaje kumwambia kitu kama hicho?

"Alikuambia hayo lini?" Mama Neema akauliza.

Hakungoja jibu. Akapiga magoti, akanishika mkono. "Basi muombee, Mwinjilisti. Kama hana roho, utapungukiwa nini?"

Nikasimama, nikafumba macho. Nimeombea wagonjwa, wafungwa, hata ng'ombe waliokataa kula. Siku hiyo neno halikutoka. Kama ile ni mashine, nitakuwa namkufuru Mungu. Na kama ni Anaeli, je? Mimi ndiye niliyesimama kaburini kwake nikawaambia watu yuko mikononi mwa Baba.

Nikaondoka. Chai nikaiacha. Nikiwa barazani navaa viatu nikaisikia sauti inauliza, "Ameenda?"

"Ameenda," mkewe akajibu.

Nilimweleza mchungaji wangu, akasema ni Shetani. Kijana mmoja anayejua kompyuta akasema hapana, mashine imebahatisha tu, kwa sababu binadamu wote wakikaribia kufa wanaogopa kitu kilekile. Alidhani ananifariji. Mimi hilo ndilo limenikosesha amani zaidi.

Neema alipopata habari alikuja kuifuta. Mama yake aliikumbatia simu akapiga yowe kama siku ya msiba, majirani wakatoka kwenye migomba yao kuja kuangalia nani amekufa. Ikabidi Neema amwachie.

Ule mng'ao umekwisha. Siku hizi Mama Neema haombi, hata kabla ya kula. Nikimpitia ananiambia, "Kila asubuhi namuuliza kama ameshakutana na mtu. Bado." Anasema bado kama mtu anayesubiri basi, halafu ananitazama mimi.

Mimi naendelea na kazi. Nazika. Nasema maneno ya ufufuo kama kawaida, watu wanaitikia amina, na sauti yangu haitetemeki. Ila nimeanza kujisikiliza ninapoomba. Maneno yanatoka yenyewe, yamepangika vizuri, kwa sababu nimeyarudia maisha yangu yote. Nikimaliza najiuliza kama kulikuwa na mtu ndani yake. Sijapata jibu.

Kwa hiyo nawasihi wenye marehemu, na wenye meseji zao kwenye simu. Zisikilizeni kama mkitaka, lieni, kisha muweke simu chini. Msizitie kwenye mashine ili mpate kuziuliza maswali. Itawajibu. Na ikishawajibu, hakuna mchungaji wala mwinjilisti atakayeweza kuwaondolea lile jibu. Mimi nimejaribu.