Mlima wa Upande wa Mama

Juzi nilifika nyumbani kwetu, mtaa wa Majimbo, na ndoo ya rangi ya krimu, nikakaa juu yake hadi adhuhuri bila kuchovya brashi. Chumba cha nyuma cha nyumba yetu kimepata mpangaji, kijana mwenye duka la simu hapa Embu mjini. Alipokuja kukikagua aliutazama ukuta, akacheka kwa adabu, akasema, "Hiyo picha itoe tu. Hii room inakaa nasari ya watoto." Sikumlaumu. Angejuaje kwamba hapo ndipo ilipopita treni ya baba?

Unajua mwenyewe, treni haijawahi kufika Embu wala Meru. Baba aliiona Nanyuki akiwa mtoto, ikamwingia rohoni isitoke. Alikuwa na bucha karibu na msikiti. Jioni akishafunga, alinawa mikono kwa limau hadi harufu ya mafuta iishe, kisha akajifungia chumba cha nyuma. Serikali ikichelewa kuileta, alisema, ataileta yeye. Mabehewa aliyakata kwenye makopo, magurudumu yakawa vifuniko vya soda, na reli ikawa waya alioupigilia kwenye meza ndefu iliyofuata kuta mbili. Mluzi wa injini ulikuwa kazi yetu sisi watoto, na tuliugombania.

Lakini treni bila nchi, alisema, ni makopo tu. Akaanza kupaka ukuta wa nyuma ya meza kwa masalio ya rangi aliyoomba kwa mafundi wanaoandika majina ya maduka. Bado nasikia puani mafuta ya taa aliyooshea brashi yakichanganyika na lile limau. Alitufundisha kwamba anga hufifia likikaribia ardhi. Migomba ya karibu unaipa kijani cha nguvu, lakini kilima cha mbali unakitia buluu na kijivu kidogo, wala huchori jani hata moja. "Ukiwa hapa unaona majani ya kule?" alituuliza kila tulipotaka kuongeza. Pembe ya chumba aliijaza plasta ikawa mviringo, ili nchi isionekane imekunjwa. Nyuma ya yote akasimamisha Mlima Kenya, kama tunavyouona sisi wa Embu.

Mama aliingia na chai, akautazama. Mama ni wa Nchiru, upande wa Meru, alisilimu alipoolewa, na kwao hawakulipenda jambo hilo. "Huo ni mlima wenu," alisema. "Wa kwetu haukai hivyo." Akaweka chai akatoka. Baba alibaki na brashi mkononi. Steshini ya mwisho alikuwa ameshaiandika Gakoromone, jina la soko la Meru, kwa ajili ya mama, na sasa aliona aibu. Treni ilifika Meru, lakini mlima ulibaki wa Embu.

Basi alifunga bucha, jambo ambalo hakulifanya hata akiwa na homa, akanichukua tukaenda Nchiru kuutazama mlima. Ukajifunika mawingu siku nzima. Nyanya, mama yake mama, hakuwa amewahi kumpokea baba nyumbani kwake. Tena kwa desturi ya huko, mama mkwe na mkwe wake hawali pamoja. Nyanya akakaa jikoni, baba akakaa nje kwenye veranda, na mimi nikawa mjumbe. Nilimweleza nyanya tulichofuata. Akapakua mukimo, viazi na mahindi yaliyopondwa pamoja, kwenye sahani, akaanza kuubanabana kwa kidole gumba.

"Pelekea huyo mtu ya nyama," alisema. "Mwambie mlima yetu iko hivi. Hapa iko na bega, hapa inakatika."

Baba aliuchora kwenye karatasi ya kufungia nyama. Nikaipeleka jikoni. Nyanya akasema bega limelala sana, nikarudi tena nje. Niliendelea hivyo, jikoni na veranda, hadi mukimo ukapoa. Mwishowe nyanya akasema kwa sauti ya kufika nje, "Sasa ni hiyo. Mwambie akule." Baba aliumaliza mlima wote, akalamba vidole, na nyanya akacheka hadi akafuta macho kwa leso. Toka siku hiyo sikumsikia tena akimwita mtu wa nyama.

Ukuta wetu ukawa na milima miwili. Treni ilitoka Embu na mlima wa Embu, ikazunguka pembe, ikafika Gakoromone chini ya mlima wa mama. Mama aliingia, akauona. Alileta kigoda chake, na kwa miaka mingi hapo ndipo alipokuwa akichagua maharagwe.

Sasa baba hayupo, nyanya hayupo, na makopo yalikwisha kwa kutu. Mama anaishi na dada yangu kulekule Nchiru, mlima uko dirishani na hauoni, maana mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili. Kodi ya chumba hiki ndiyo tunayoitegemea kwa upasuaji wake. Yeye mwenyewe alisema, "Paka, mwanangu. Nyumba ni ya kukaa watu." Nilikuwa na ruhusa ya kila mtu, na bado nilijiona mwizi ndani ya nyumba yetu. Niliupiga ukuta picha kwa simu, lakini kwenye simu ilikuwa doa tu la buluu.

Nilianza na mlima wa Embu. Nikavuka pembe, nikafunika migomba, steshini, na lile bega. Nilikuwa nimeshuka kwenye ngazi mama alipopiga simu.

"Umeanza?" aliuliza.

"Nimeanza, mama."

"Sasa sikia. Ule wa upande wetu uachie tu, huyo kijana nitaongea naye. Wakinitoa hiki kitu kwa macho, nataka nikuje niuone." Kisha akauliza, "Mlima bado uko?"

"Bado uko, mama."

Nilikata simu, nikachukua kitambaa nikaanza kuifuta krimu kabla haijakauka. Rangi ya baba ilikuwa imechoka na unyevu. Ilibanduka pamoja na ile krimu.