Mfuko Niliouficha Chini ya Shuka

Saa nane mchana, jua linawaka nje, nilimwona mtu nisiyemjua amesimama juu ya ngazi anapaka rangi dari ya chumba changu.

Rangi nyekundu. Mbichi. Inanidondokea usoni.

"We bwana, shuka! Nani kakuleta humu?"

Mama mkwe akaingia mbio, mikono imejaa sabuni. Akatazama juu, akanitazama mimi.

"Baba, unaongea na nani?"

Chumbani hamkuwa na ngazi. Hamkuwa na fundi. Tulikuwa mimi, yeye, na mfuko wa mkojo niliokuwa nimeukumbatia chini ya shuka kama mtu aliyeficha kitu cha wizi.

Ngoja niwaeleze nilifikaje hapo.

Mimi ni fundi rangi. Miaka kumi na minne napanda ngazi. Siku niliyoanguka wala haikuwa ghorofa, ni ukuta wa duka tu, urefu wa watu wawili. Nilitua kwa makalio. Nyonga ikavunjika, na njia ya mkojo ikaumia.

Hospitali wakaniwekea mpira wa mkojo, ule unaoingia hadi kwenye kibofu, na mfuko wake wa kuning'iniza. Wiki sita nilale chali, hakuna kukanyaga chini.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi akakaa kando ya kitanda akanipa maelekezo. Mfuko ukae chini ya kiuno muda wote, lakini usiguse sakafu. Mpira usijikunje. Usiuchomoe kwenye mfuko. Mkitaka kumwaga, naweni kwa sabuni, kabla na baada. Na maji unywe ya kutosha.

"Umenielewa, kaka?"

"Nimekuelewa, sista."

Uongo mtupu. Nilikuwa nawaza mafundi wenzangu watasemaje.

Nyumbani ndiko mambo yalikoharibika. Mke wangu anafanya kazi kiwanda cha nguo, anatoka asubuhi anarudi jioni. Mtu wa kunihudumia hatuna. Akamwita mama yake.

Jamani. Mama mkwe!

Mtu ambaye nikimsalimia nainamisha kichwa. Ambaye mbele yake sijawahi kuvua hata shati. Leo ndiye aje abebe mkojo wangu?

Chumba chetu kina dirisha moja, linatazama ukuta wa jirani. Kitanda kimebanwa pale pale. Kutwa nzima nimelala chali, nahesabu nyufa za ule ukuta. Kugeuka siwezi. Kukaa siwezi. Nyumba ikiungua, naungua nayo. Na kila baada ya saa chache mlango unagongwa taratibu.

"Baba, nimekuja kumwaga."

Nilikuwa nafumba macho hadi atoke. Kama vile nisipomwona, na yeye hanioni.

Nikaanza ujanja.

Kwanza, maji. Mkojo ukipungua, na Mama atapunguza kuingia. Basi jagi aliloniletea nikawa namimina dirishani, nabakiza vikombe viwili vya kutwa nzima.

Pili, mfuko nikautoa kwenye ndoano ya kitanda, nikaulaza juu ya tumbo, chini ya shuka.

"Baba, si muuguzi alisema ukae chini?"

"Ni sawa tu, Mama. Nimemuuliza."

Nimemuuliza nani? Labda ule ukuta.

La tatu ndilo lililonimaliza. Mafundi wenzangu walikuja kuniona, wakiongozwa na mshikaji wangu tunayemwita Twiga, maana yeye hupaka dari bila ngazi. Nilipowasikia mlangoni nikapata kiwewe. Nikauchomoa mpira kwenye mfuko, nikaikunja ncha yake, nikaibana kwa kibanio cha nguo. Mfuko nikausokomeza chini ya mto.

Twiga akaketi kitandani pale pale.

"Mbona uko fiti? Tulisikia umewekewa mabomba!"

"Mabomba gani? Maneno ya watu hayo."

Wakacheka, nikacheka. Huku chini kibofu kinajaa, kinavimba kama puto. Walikaa saa nzima. Twiga alipoanza kisa chake cha tatu, machozi yakanitoka. Akadhani kimenifurahisha, akakirudia tangu mwanzo.

Walipoondoka niliurudisha mpira kwenye mfuko kwa mikono ile ile niliyopeana nao wote. Sikunawa. Nao walikuja mara tatu wiki ile.

Mkojo ukaanza kuwa mzito, umechafuka, una harufu ya kukera. Chini ya kitovu panachoma. Nikanyamaza. Ningemwambia nani? Kisha ikaja baridi, meno yanagongana mchana wa jua kali.

Halafu ndipo akatokea yule fundi wa darini.

Mama alinigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, kisha akafunua shuka. Hakuomba ruhusa. Akaona mfuko tumboni. Akaona kibanio. Akauning'iniza mfuko chini, akaunyoosha mpira, akatoka. Nikamsikia anamwita jirani mwenye gari kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

Hospitali nakumbuka vipande vipande. Dripu mkono huu, dripu mkono ule. Wakautoa ule mpira, wakaweka mpya. Na daktari akimwambia mke wangu, "Maambukizi yameingia kwenye damu. Mngemleta kesho, tungekuwa tunaongea mengine."

Siku ya pili akili ikanirudia. Yule muuguzi akaja na faili, mke wangu yupo, mama yake yupo.

"Nataka kujua kitu kimoja. Ule mpira tuliouondoa una alama za kubanwa. Nani alikuwa anauchomoa kule nyumbani?"

Mke wangu ananitazama. Mama ananitazama. Na mimi kwa mdomo wangu huu nikasema, "Mama ndiye anayenihudumia."

Sikumtaja kuwa ndiye. Lakini nani hakuelewa?

"Mama!" muuguzi akamgeukia. "Ukiufungua tu, vijidudu vinaingia moja kwa moja hadi kibofuni. Ungemuua mwenzio!"

"Mama, ni kweli?" mke wangu akauliza.

Mama akatazama sakafu.

"Nisameheni. Nitakuwa mwangalifu."

Akaubeba msalaba wangu, hivi hivi, mbele ya mwanawe.

Mke wangu akaenda kuchukua dawa, tukabaki wawili. Nilikuwa siwezi hata kukimbia. Mama akavuta kiti.

"Kwa nini umekubali, Mama?"

"Wewe kwa nini umesema?"

"Aibu," nikasema. "Sikutaka mtu aone."

Alinyoosha shuka ambalo lilikuwa limenyooka tayari.

"Mkeo nilimzaa kwa uchungu wa siku tatu," akasema. "Alipotoka, aliniacha na tundu kwenye kibofu. Mkojo ukawa unatiririka wenyewe, nimelala, nimesimama. Miaka minne. Baba yake akanihamishia chumba cha nje. Watu wakawa wanahama kiti nikiketi karibu nao. Siku nilipofanyiwa upasuaji, nilizinduka nikakuta nimewekwa mpira kama huo, na mfuko unaning'inia. Nikapapasa godoro chini yangu. Kavu. Nililia hadi muuguzi akaja mbio, akadhani naumwa."

Akaunyooshea kidole mpira wangu.

"Wewe unauona huo ni kifungo. Mimi ndio ulionifungua."

"Mke wangu anajua?"

"Ningemwambia nini? Kwamba kuzaliwa kwake ndiko kulikonivunja?"

Mke wangu aliporudi na dawa, nilimwomba amwite muuguzi. Nikasema mbele yao wote: "Sista, nilikudanganya. Ni mimi niliyeuchomoa. Mara tatu. Na maji nilikuwa namwaga dirishani. Mama hana kosa."

Mke wangu hakunisemesha hadi siku iliyofuata. Nilistahili.

Muuguzi alinitazama, akatikisa kichwa. "Haya, angalau sasa najua wa kumfundisha." Akaanza upya tangu mwanzo, na safari hii alinitaka nirudie kila neno.

Wiki zilizobaki nililala chumba kile kile, dirisha lile lile. Lakini Mama alipogonga nilisema, "Karibu." Alikuwa akininawisha kwanza, kisha naufungua mwenyewe mrija wa chini wa mfuko, nikiangalia usiguse chombo, yeye amekishika. Twiga alipokuja aliuona mfuko umening'inia hapo.

"Hilo nini?"

"Mabomba," nikamwambia.

Mpira ulitolewa wiki ya nane. Jumapili moja baadaye Mama na mke wangu walijifungia jikoni. Nilisikia kilio, kisha maji ya bomba yakatiririka kwa muda mrefu. Walipotoka walikuwa wameshikana mikono. Sikuuliza kitu.

Kabla ya kuandika haya nilimwomba Mama ruhusa. Nilidhani atakataa.

"Andika," akasema. "Kuna mwanamke ameketi chumba cha nje, hajui kama inatibika."

Basi ndugu msomaji, mwenye mpira mwili mwake asiuonee haya, na mwenye kumhudumia asikubali kufichwa. Mkojo ukibadilika, homa ikipanda, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mimi sikuponzwa na mpira. Niliponzwa na kutaka nionekane mzima mbele ya watu walioketi saa moja wakaenda zao, huku aliyebaki na mimi nikimtwisha kosa langu.