Gavana Alisema Amefunga

Hili ninalotaka kuwasimulia hamtaliamini, na msijisumbue kujaribu. Kuna mwanamke aliyelizuia gari lenye nguvu za farasi mia nne na ushee, likiwa katikati ya mashindano, upande wa pili wa mji, naye yuko nyumbani kwake anakata kucha. Hakunyanyuka. Hakupiga simu. Mwanamke huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kwa hiyo mnajua akili hizo zimetoka upande gani.

Pale gereji wanamwita Gavana. Si wa kupigiwa kura. Gavana ni kile kinachozuia gari lisipite mwendo fulani, na kwenye magari ya siku hizi hata si kidude cha kushika mkononi, ni maagizo tu ndani ya kompyuta ya gari. Likifika pale lilipoambiwa liishie, injini inapunguziwa nguvu polepole. Unakanyaga mpaka soli inalia, na gari halina habari na wewe. Kazi ya mpwa wangu ni kuchomeka waya chini ya usukani, kufungua kompyuta yake iliyopasuka kioo pembeni, na kuzungumza na ile ya ndani. Chumba chake kiko nyuma ya gereji. Kina dirisha moja, feni yenye mapanga mawili, la tatu liliruka likaenda zake, na kiti cha nyuma cha gari lililokufa zamani. Kiti hicho ni changu. Mimi ni mshauri pale. Silipwi, lakini nashauri.

Siku moja nilimuuliza, kwa elimu yangu ndogo na kiherehere changu kikubwa: hawa wenye viwanda wana wazimu? Wanatengeneza gari linaloweza kukaribia kilomita mia tatu kwa saa, wanaliuza kwa bei ya nyumba, halafu wanalifunga kamba liishie mia mbili na hamsini. Si sawa na kuoa mwimbaji ukamziba mdomo?

“Tairi, Mjomba,” akasema.

“Tairi limekosa nini?”

“Linachemka. Kila tairi lina herufi ubavuni, na herufi inakwambia mwisho wake ni mwendo gani. Ukipita hapo, joto linaweza kulibandua, tabaka moja linaachana na jingine. Kwa hiyo gari linafungwa lisilizidi tairi lake.”

“Basi? Ndiyo siri yote hiyo?”

“Kuna wakubwa wa viwanda waliokubaliana wenyewe kwa wenyewe, zamani, wasipite mia mbili na hamsini, serikali zisije zikawatungia sheria. Halafu gari likienda kasi sana linataka kuinuka. Halafu breki. Lakini anza na tairi.”

Aliyasema hayo kama mtu anayesoma bei ya sabuni. Ndivyo anavyozungumza tangu yule mfamasia.

Mfamasia alikuwa mteja wao, mtu wa utani, kila akiingia lazima apige saluti na kumwita Mheshimiwa. Alitaka gari lake lifunguliwe gavana. Mwenye gereji akakubali, mpwa wangu akachomeka waya, akafungua. Herufi ya tairi hakuiangalia, maana siku hizo pale gereji hakuna aliyekuwa akiiangalia. Tairi la nyuma likapasuka akiwa barabara kuu, mchana kweupe. Askari wakasema ni tairi. Mwenye gereji akasema ni tairi. Hata mjane wake hakumnyooshea kidole mtu. Kesho yake mpwa wangu akaja kazini, akawasha feni, akakaa.

Hakulia. Nilimsubiri alie, nikatembea na leso safi mfukoni, mwisho nikapengea mafua yangu mwenyewe. Ukimwekea chakula anakula. Ukimuuliza anajibu. Mizaha yangu, ambayo imewahi kumwangusha mchungaji kwenye kiti, inampita kama upepo wa feni ile. Dada yangu anasema ni kama kuishi na mtu aliyetoka mara moja kwenda dukani akasahau kurudi.

Basi ndipo akaja Pasi.

Pasi ni mdogo wake. Anauza miwani, na jina lake limetokana na mashati, maana mstari wa mkono wake ungeweza kukukata shavu. Alikuwa amenunua gari la mbio, la mtumba lakini la mbio, na kabla halijapoa akalivalisha rimu kubwa na matairi mapya. Tangu siku hiyo akawa anaongea kifundi kuliko mafundi.

“Sista, nifungulie gavana,” akasema, amesimama mlangoni asije akachafuka. “Jumapili nina kazi na daktari wa meno.”

“Kazi gani?”

“Kumtia adabu. Ana gari kama langu, na mdomo mkubwa kuliko yote aliyowahi kung'oa jino.”

Gavana akatoka, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akapangusa ubavu wa tairi kwa kidole gumba.

“Haya yana T.”

“Yanang'aa, eh?”

“T mwisho wake mia na tisini. Gari lako linafika mia mbili na hamsini kabla hata sijaligusa.”

“Kwani herufi ndiyo inayokimbia? Si injini? Mjomba, hebu mwambie.”

“Herufi ni mambo ya shule,” nikasema, “ndiyo maana mimi sikukaa huko sana.”

Pasi akacheka. Dada yake hakucheka.

“Sikiliza,” Pasi akasema, “usipofungua wewe, nakwenda kwa yule jamaa wa jirani na sheli. Atafungua huku anatafuna bigijii, na tairi hataliuliza jina.”

Na ni kweli, asingeliuliza. Hapo mpwa wangu akabaki amechuchumaa, kidole kwenye ile T. Nami pamoja na porojo zangu niliona alipobanwa. Akikataa, ndugu yake anafunguliwa na mwingine, na anaweza kwenda kama alivyokwenda mfamasia. Akikubali, anaweza kwenda vilevile, na kwa mkono wake. Uso wake haukuonyesha lolote. Ungedhani anasoma tarehe ya mwisho kwenye kopo la maziwa.

“Lete ufunguo,” akasema.

Akachomeka waya. Akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Feni ikalia. Pasi akawa anajitazama kwenye kioo cha pembeni. Kisha Gavana akachomoa waya, akauzungusha vizuri kiganjani, akasema neno moja:

“Nimefunga.”

Sasa lazima niwafundishe kigereji kidogo. Gerejini ukisema umefunga kitu, umekiweka. Unafunga taa, unafunga redio, unafunga injini nyingine, unafunga programu mpya. Lakini nyumbani ukifunga mlango, mlango haufunguki. Pasi, kwa ule ufundi wake wa kujitia, akasikia la gereji: programu ya kasi imefungwa, gari liko huru. Akamkumbatia dada yake. Dada yake akasimama mikono chini, kama mtu anayepimwa nguo.

Mimi nilielewa palepale. Nikanyamaza kwa hekima, na anayesema nilimpigia Pasi makofi ni mchonganishi.

Jumapili asubuhi wakakutana kwenye barabara mpya ambayo ilikuwa bado haijazinduliwa, lami nyeusi kama kiwi, pembeni wamejaa vijana na simu zao. Wakaachiwa. Pasi akaanza kwa kutangulia, akachungulia kioo, akatabasamu. Kisha gari likafika lilipoambiwa liishie. Halikukatika, halikugonga kitu. Muungurumo ulitulia tu, kama mtu aliyeamua kutobishana. Akakanyaga. Halikwenda. Daktari wa meno akampita akiwa ameshusha kioo, anapunga mkono kwa vidole vitatu. Kuna kijana alicheka mpaka akakaa kwenye lami.

Pasi akaja moja kwa moja nyumbani kwa dada yake, nami nyuma yake. Gavana alikuwa sebuleni, mguu juu ya stuli, anakata kucha.

“Ulisema umefunga!”

“Nilifunga.”

“Ulifunga nini?”

“Mwendo. Mia na themanini.”

“Umeniaibisha mbele za watu!”

“Ndiyo.”

“Unajua wananiitaje sasa? Trekta! Mimi!”

“Nimesikia.”

“Kuanzia leo huna mdogo.”

“Sawa,” akasema, akahamia ukucha wa pili.

Pasi akabamiza mlango mpaka saa ya ukutani ikapinda. Mimi nikakaa, nikamtazama mpwa wangu usoni, nikitafuta hata hasira. Hamna. Akaokota vipande vya kucha kimoja kimoja kwenye karatasi, akaenda kuvitupa. Tairi lile lingepasuka, lisingepasuka? Hakuna anayejua, na yeye hakudai kwamba anajua. Usiku ule alikula vizuri. Ila kila Pasi alipokuwa barabarani, tulihofia amekwishapita kwa yule wa jirani na sheli.

Mvua zikaanza na kuisha, Pasi hakukanyaga kwetu. Kisha siku moja simu yangu ikaita nikiwa kwenye kiti changu gerejini, nyuma yake nasikia nyundo na mtambo wa upepo. Alikuwa Pasi, yuko kwenye duka la matairi.

“Mjomba, muulize huyo Gavana wenu. Herufi gani?”

“Anauliza herufi gani,” nikasema.

“W au Y,” mpwa wangu akajibu bila kuinua kichwa. “Mapya. Asichukue ya mtumba.”

“Anasema W au Y, na usilete umaskini.”

“Atalirudisha gari lilivyotoka kiwandani?” Pasi akauliza.

“Akija nayo.”

“Anasema njoo nayo.”

“Mwambie sijamsamehe.”

“Anasema hajakusamehe.”

“Sawa,” mpwa wangu akasema. Na kweli Pasi akaja, akafungwa matairi ya W, akarudishiwa mia mbili na hamsini zake, wakaagana kwa kutikisa vichwa kama watu waliokutana benki.

Hiyo ndiyo habari yake, na kwa kuwa yeye hasimulii, acha nimalizie kwa lile ambalo mmenyimwa. Mnadhani Pasi alikuwa peke yake kwenye gari siku ya mashindano? Kiti cha abiria nilikaa mimi. Nguzo za taa zikageuka ukuta mmoja, masikio yakaziba, Pasi jasho linamtoka, nami nikamwambia kwa sauti ya kiume, tulia mwanangu, mimi nipo. Nikautupia jicho mshale wa mwendo. Ukapita mia mbili. Ukapita mia mbili na ishirini, bado unapanda, na ninavyowaandikia hapa naapa niliuona kwa macho haya mawili ukigusa mia mbili na ar

“Mjomba.” Amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma begani kwangu, na kidole chake kiko juu ya karatasi. “Nililifunga mia na themanini. Huo mshale ulipitia wapi?”