Sentensi ya Kwanza ya Kampire

Mwaka 1998 Kampire alipotumwa na chuo kujifunza kazi katika gazeti moja dogo la Gisenyi, alikabidhiwa kwa Onésphore, mwandishi mwenye miguu myembamba na ulimi mkali kama pilipili. Mzee huyo alikuwa na amri moja: jambo kubwa likae kwenye sentensi ya kwanza. Binti akianza habari kwa mawingu na ziwa, mistari hiyo ilikatwa kwa kalamu nyekundu.

"Bon, nani amekufa?" angeguna. "Sema! Musomaji iko na kazi yake."

Kampire alilia chooni, akarudi, akaandika upya. Alimpenda sana mzee yule. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kusoma maandishi yake mpaka mwisho.

Asubuhi moja Onésphore alipanda gari kwenda Mahoko. Barabara ile ilikuwa ya mashambulizi miezi hiyo, naye alijua. Kabla ya adhuhuri dereva mmoja aliingia ofisini akihema: gari limepigwa risasi, mzee amekufa.

Nani sasa amwambie mkewe, Mukandayisenga, mama wa mtoto wao Gentil, kule Rubona, kabla abiria wa minibasi hawajamfikishia habari? Wakubwa wa ofisi, wanaume wazima na vitambi vyao, wakatazama viatu. Wakamtuma mwanafunzi.

Njia nzima Kampire aliomba jambo moja tu, mama yule asiusikie msiba wake barabarani. Alimkuta jikoni akimenya viazi, hajui lolote. Akasimama mlangoni, akasema kama alivyofundishwa:

"Mama Gentil, Onésphore amekufa leo asubuhi kwenye barabara ya Mahoko."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alisikia, akavunjika vilevile. Kwetu msiba hauingii nyumbani hivyo. Mtu huanza kwa kusema fulani anaumwa, halafu amezidiwa, halafu majirani wanakuja kukaa karibu, na hapo ndipo neno lenyewe hutamkwa. Kampire, mtoto wa Cyanzarwe, alilijua hilo tangu utotoni. Hofu ilimfanya asahau yote isipokuwa somo la mzee.

Mukandayisenga hakupiga kelele. Kisu kilibaki mkononi.

"Ni yeye alikufundisha kusema hivyo?"

"Ndiyo, Mama." Kampire alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Toka inje, mutoto yangu. Funga mulango. Piga hodi tena, uniambie iko mugonjwa."

Kampire akatoka. Alisimama uani akijifuta uso kwa kitenge, na kitenge hakikutosha. Kisha akabisha.

"Karibu," ikajibu sauti ya ndani, karibu ya siku zote.

"Mama Gentil," alisema, akisukuma mlango, "Mwalimu iko mugonjwa kidogo."

"Iko naumwa nini?" aliuliza Mukandayisenga. Akaweka kisu chini, ndipo akaanza kulia.