Chupa ya Chai Nyuma ya Bwana Mkubwa

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini sura yangu imeshazunguka mji mzima huko Uchina. Mjukuu wangu mwenye digrii hajafika hata Durban.

Miaka ile simu za kugusa ndiyo zinaenea, nilikuwa nauza chai na maandazi Fordsburg, hapa Johannesburg, kando ya duka la jumla la dada mmoja Mchina. Kiswahili alikiokota kwa wateja, Wakongo na Watanzania, kinamtosha kugombea bei. Siku moja nikamkuta analia. Mkubwa mmoja wa mji wao kaamuru nyumba ya mama yake ibomolewe, ipite barabara. Ukuta umeshapigwa alama nyekundu. Dada analalamika mtandaoni, anamtaja mkubwa kwa jina, wakaguzi wa mtandao wanafuta. Akiandika tena, wanafuta tena.

Nikamwambia, "Mwanangu, jina lake la nini? Kwetu Tanga ukitaka kumsema jirani unavaa kanga yenye maneno yake, unapita mlangoni kwake taratibu. Akikuuliza, umevaa nguo tu."

Nikataka kujua huyo bwana ana kituko gani. Akafikiri, akasema hatembei bila mtu wa kumbebea chupa ya chai nyuma. Mji mzima unamcheka chinichini.

Basi nikajifunga kanga mpya, nikakaa kwenye kiti cha plastiki, kidevu juu, tumbo mbele. Dada akasimama nyuma yangu, kaikumbatia chupa yangu ya chai kama kabeba mtoto wa mfalme. Mteja akatupiga picha. Dada akaiweka mtandaoni, chini yake akaandika tu kwamba gogo anapumzika Johannesburg. Gogo ndiye bibi, hapa kila mtu ananiita hivyo.

Kesho yake akanivuta dukani nione. Watu wa mji wao wamejipiga picha: muuza samaki na mbeba chupa, bibi harusi na mbeba chupa, mbwa kwenye kiti, nyuma yake chupa. Zikifutwa mbili, zinazuka kumi. Mmoja aliuliza kama yule bibi ni kiongozi wa Afrika. Nikasema mjibu ndiyo.

Mkubwa akaanza kujibebea chupa mwenyewe, kisha mtaa ule akaukimbia kabisa. Barabara wakaisogeza. Alama nyekundu bado ipo ukutani, mama mtu kaitundikia vitunguu.

Mama huyo akaniletea salamu kupitia kwa binti yake: anashukuru sana, na nilimwiga yule bwana barabara, hasa tumbo.

"Mwambie sijamwiga mtu," nikamjibu. "Nilikuwa nimekaa tu."