Fundi Msabah, Mkwewe na Mashine Inayonguruma

Saa tatu asubuhi, Msabah Khelef amesimama ukumbini kwa mama mkwe wake, mtaa wa Kiponda, kavaa shati la kazi, suruali ya kaki na mitalawanda ya chooni. Mkono wa kushoto ameutia mfukoni. Wa kulia ameugeuza, na kwa mgongo wa kidole anagusa bati la mashine ya kukuza sauti, kama mtu anayempima mtoto homa.

Anauondoa upesi.

"Inatekenya," anasema.

Mashine nayo inanguruma. Ngurumo nzito, ya chini chini, inayotikisa vikombe kabatini.

"Ndiyo sauti hiyo hiyo," anasema mama mkwe, Bi Sichana, kutoka nyuma ya pazia la chumbani, ambako ameapa kubaki mpaka kitu hicho kizimwe. "Ilianza hivyo hivyo, kisha ikanitupa."

Mitalawanda si mzaha, ingawa jirani aliyechungulia mlangoni amecheka mpaka akashika ukuta. Mbao kavu hazipitishi umeme. Na mkono ule wa mfukoni una sababu yake.

"Mkono mmoja ukishika mashine na wa pili ukashika ukuta, umeme unapita kifuani," anaeleza Msabah. "Na mimi moyo wangu nimeuweka humo humo kifuani. Sina pengine."

Msabah ana miaka thelathini na minane na kibanda cha ufundi Mkunazini. Redio iliyokufa kabisa haimsisimui. Kazi aipendayo ni kelele: gramafoni inayokoroma, spika inayopiga mluzi, amplifaya za zamani za valvu, zile taa ndogo za kioo, zinazoimba zenyewe kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Kila kelele ameipa jina. Kuna "kukaanga dagaa", ambayo ni uchafu kwenye miguu ya valvu. Kuna "paka wa jirani", ambayo ni waya uliokatika ndani ya ngozi yake. Halafu kuna ngurumo.

"Ngurumo siipendi," anasema. "Ngurumo ni umeme wa nyumba ulioingia pasipokuwa pake. Dagaa watakuudhi. Ngurumo itakuzika."

Vipuri havipatikani. Tangu wenye maduka ya gramafoni wafunge milango na kwenda zao, valvu mpya ni hadithi, na Msabah huua mashine mbili kufufua moja. Siku njema hupata shilingi kumi. Siku mbaya hurudi nyumbani na harufu ya risasi ya kulehemu, na mkewe Tabia humwambia harufu hailiwi.

Ila wiki mbili hizi Tabia hajamwambia lolote, kwa sababu hayupo nyumbani. Yupo hapa Kiponda, kwa mamaake, na mtoto wao wa miezi minane. Na hilo ndilo lililomleta fundi na mitalawanda yake.

Yaliyotokea yanasimuliwa mji mzima, na kila msimuliaji anaongeza chumvi. Wenyewe waliokuwepo wanasema hayahitaji hata chembe.

Ilikuwa Alkhamisi, wiki mbili zilizopita, harusi ya mpwa wake Bi Sichana, humu humu ukumbini. Bi Sichana ndiye mwimbaji wa kikundi cha taarabu cha wanawake wa mtaa huu, na mashine aliifunga Msabah kwa mkono wake. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Bi Sichana, miguu mitupu, akashika maikrofoni.

Akakakamaa. Kichwa kikatikisika, macho yakatoka, na sauti ikawa moja tu, ndefu, "aaaaa", haishuki wala haipandi.

Ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

"Tulijua kapandwa na mahaba ya wimbo," anasema Bi Jokha, mpiga dafu wa kikundi. "Wallahi sijapata kumwona anaimba vile. Nikainuka nikamtunze."

Bi Jokha alikwenda akicheza, noti mkononi, akambandikia mwenzake kwenye paji la uso kama ada ilivyo. Alipomgusa tu, akarushwa. Alitua mapajani mwa mpiga fidla.

Vigelegele vikazidi. Wawili wengine wakasimama na noti zao kwenda kutunza.

Kilichowaokoa ni Bi Sichana kuanguka. Uzani wake uliuvuta waya wa maikrofoni mpaka ukachomoka. Hapo ndipo wanawake walipoona kiganja chake kimeungua, na vigelegele vikakatika.

"Nilipozinduka," anasema Bi Sichana, "mtu wa kwanza niliyemwona ni shoga yangu mmoja ananipepea kwa noti. Kumbe alikuwa bado hajui anitunze au anisomee Yasini."

Jioni ile ile alimpelekea Tabia maneno aje na mtoto. Mkwewe naye akapelekewa yake: atafute kilichomtupa, akiondoe, na yeye Bi Sichana aishike maikrofoni kwa mkono wake asidhurike. La sivyo, mashine inakwenda baharini na Tabia anabaki Kiponda.

"Mtu anayetaka kumuua mama mkwe kwa taarabu," alisema, "mke atamuua kwa nini?"

Kabla Msabah hajaruhusiwa kuichukua mashine, wanawake walishaitibu wenyewe. Waliifukiza ubani, kisha wakairashia marashi ya mawaridi, kwa heshima zote, kama mgeni wa maulidi.

"Nilipoifungua kibandani, ilinukia bibi harusi," anasema Msabah. "Na ilikuwa inakaanga dagaa kwa furaha."

Aliifuta marashi, akasugua miguu ya valvu, dagaa wakaisha. Mezani kwake mashine ikanyamaza kabisa. Akairudisha Kiponda leo, akaiwasha, na ngurumo ikamkaribisha mlangoni.

Basi ubovu uko nyumbani, si kwenye mashine. Fikra yake ya kwanza ni waya wa ardhi.

"Mashine hizi za zamani huvuja umeme kidogo kwenye bati lao," anaeleza. "Ndiyo desturi yao, uzee. Unaipa waya wa shaba, ule uvujaji unateremka ardhini, kila mtu analala salama. Ukikosa njia ya kwendea, unamtafuta mtu."

Waya huo aliufunga yeye. Unatoka nyuma ya mashine, unapita dirishani, unateremka uani mpaka kwenye chuma alichokizika kando ya mfereji, lile bomba la maji. Anauvuta upande wa dirishani. Umekaza vizuri.

Upande wa pili hawezi kuuangalia. Asubuhi hii uani kuna wanawake wanafua, na mwanamume haingii, seuze mkwe, seuze mkwe aliyenuniwa. Anauliza kwa adabu, uso ameuelekeza ukutani.

"Bi Sichana, kile chuma changu uani bado kipo?"

"Kipo. Nakiona kila siku. Kwani nani ale chuma?"

Basi anarudi kwenye mashine, na tena ngurumo inamshinda. Anabadilisha valvu. Inanguruma. Anageuza plagi. Inanguruma.

Kisha, bila kuguswa na mtu, ngurumo inashuka. Inakuwa mnong'ono.

Msabah ananyanyua kidole. Kitambo kidogo, ngurumo inapanda tena. Inashuka. Inapanda.

Anasogea dirishani, anachungulia kwa jicho moja.

Uani, Tabia anaanika. Shuka mbichi imetundikwa, na kila upepo ukiipeperusha, pindo lake lililolowa linagusa bomba la mfereji. Likigusa, umeme unapata njia ya ardhini na ngurumo inashuka. Likiachana nalo, inapanda. Na kamba inayobeba shuka ile inametameta juani. Si kamba. Ni shaba, ule waya wa ardhi.

Msabah hapigi kelele. Hamkimbilii mkewe. Anaruka kwenye plagi na kuing'oa ukutani pamoja na kipande cha chokaa.

Ndipo anapotoka mbio kuingia uani, mitalawanda inalia ka-ka-ka, bila hodi, katikati ya wanawake wanaotafuta kanga za kujifunika.

"Msabah!" anapiga ukelele Tabia. "Umerogwa? Hodi hujui?"

Ananyoosha kidole tu. Chini ya waya ule, mtoto wao ameketi ndani ya beseni la maji, amenyanyua mkono juu, analitaka pembe la winda lake linalomdondokea matone.

"Waya huu ulikuwa unakuuma?" Msabah anauliza hatimaye.

"Hata kabla ya harusi uliniuma, nikimwanikia mama nguo wakati wa mazoezi ndani," anasema Tabia. "Nikidhani siafu." Halafu anaelewa. Anamchukua mtoto kutoka kwenye maji, anamkumbatia na umajimaji wake wote.

Bi Sichana ametoka. Anautazama waya: mwisho mmoja dirishani, mwisho wa pili umepigiliwa msumari kwenye ukuta wa mbali. Chuma kiko pale pale kando ya mfereji, kizima, hakina waya wowote.

Msabah anamtazama mkwewe, kisha anatazama chini.

"Huenda ni panya, mama," anasema taratibu. "Panya wa mjini hukata waya."

"Panya gani anayejua kupigilia msumari?" anajibu Bi Sichana. "Ni mimi. Niliukuta umelala ukutani, unang'aa, hauna kazi. Nikasema shaba haitii kutu kwenye nguo. Leo umeniuliza chuma, mwanangu. Hukuniuliza waya."

Anaketi sakafuni, pale pale penye povu la sabuni, mwanamke ambaye mtaa mzima haujapata kumwona ameketi bila mkeka.

"Mawinda ya mjukuu wangu," anasema. "Kila siku, kwa mkono wangu."

Hakuna anayecheka. Bi Jokha, aliyerushwa mpaka mapajani mwa mtu, anamshika bega. Safari hii hajashika noti.

Bi Sichana anapopata pumzi, anamgeukia mwandishi wa makala haya. "Na wewe usiniandikie panya. Andika Sichana wa Kiponda. Wako wengine wameanika kama mimi."

Msabah anaurudisha waya kwenye chuma, anaubana kwa koleo, anaufukia ili usimtamanishe mtu. Ndani, anaichomeka plagi. Valvu zinawaka polepole, nyekundu. Vikombe kabatini vimetulia. Anaupitisha mgongo wa kidole kwenye bati, anauacha hapo.

Bi Sichana anakuja mpaka mbele ya maikrofoni, anasita.

"Vua," anamwambia mkwewe.

Anaivaa mitalawanda ya Msabah, inampwaya. Anaitazama kwanza ile alama ya kiganjani, kisha kwa mkono huo huo anaishika maikrofoni. Wanawake wote wamejibanza mlangoni, na safari hii hakuna anayenyanyua mkono kutunza.

"Tabia," anasema, na sauti yake inatoka spikani safi, inapita dirishani, inateremka uchochoroni mpaka kwa muuza kahawa. "Funga nguo zako. Mumeo anakungoja."

Msabah amepanga jambo moja. Kuanzia sasa, nyumba yoyote atakayoifunga mashine, iwe Kiponda au kwenye majumba mapya yanayopanda Michenzani, atakwenda na kamba ya makumbi ya kuanikia nguo. Waya utalipiwa. Kamba ni bure.

Ya kwanza ameshaifunga uani kwa mkwewe, misumari kapigilia mwenyewe, baada ya kupiga hodi mara tatu.