Nilivyomkabidhi Baba Mkwe Ndoo

Siku waliyokuja kuniposa, nilimkamata baba mkwe wangu.

Msinicheke bado. Nilikuwa sijawahi kumwona hata kwa picha.

Kijijini kwetu msitu tunaulinda wenyewe, kwa zamu. Ukikata mti mbichi, adhabu yako ni kumwagilia kitalu cha miche mpaka jioni. Asubuhi ile zamu ilikuwa yangu, nikasema nipite chapchap kabla ya kwenda kuvaa.

Nikamkuta mzee kapiga suti, anachonga mti mbichi.

"Shikamoo baba. Ndiyo nini hiyo?"

"Marahaba, mwanangu. Bakora. Naenda ukweni, lazima nionekane mtu mzima."

Nikampeleka kitaluni, nikamkabidhi ndoo, nikaenda zangu kupambwa.

Wageni wakafika. Mama akamuuliza mchumba wangu, "Mbona mzee simwoni?"

"Alipita njia ya msituni," akajibu, macho chini.

Moyo ukanilipuka paa. "Kavaa suti?"

"Ya kijivu."

Nikamweleza mama. Akanivuta pembeni. "Kamwachie mzee wa watu sasa hivi! Unataka uzeekee kwangu?"

Tukaongozana wote kitaluni, wageni na viatu vyao vya kung'aa. Walinzi wenzangu walikuwa wameshajaa, wananitazama mimi tu. Yule kijana nampenda kufa, jamani. Lakini nikimwachia huyu, kesho kila mkata miti atakuwa baba mkwe wa mtu.

"Baba, nisamehe," nikasema. "Ila jioni bado."

Mzee akatua ndoo. Akamgeukia mwanawe. "Ndiye huyu?"

"Ndiye, baba."

"Basi tuzungumze hapa hapa. Mkwe kama huyu simwachi."

Mama akapiga kigelegele, yule yule aliyetaka nimwachie!

"Lakini kuna jambo," mzee akaendelea. "Tulikuwa wawili. Mwenzangu aliyenichagulia mti, alipokuona tu alitimua mbio, akaniacha na kisu mkononi."

Wote tukamtazama mchumba wangu. Suruali mpya, imechanwa na miiba mpaka magotini.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye tope na gauni langu. Nilipoinuka, nikamtafutia ndoo yake.

Tumeoana, tuna raha zetu. Ndugu zangu, sheria ya msitu ianzie kwa watu wa nyumbani kwako, wa mbali wataelewa bila kuambiwa.

Na ukipata mchumba mwepesi wa mbio, olewa naye tu, ila zamu ya ulinzi usimpangie peke yake.